Balehe ina ratiba zaidi ya moja

Binti wa miaka tisa na nusu anamwambia mama yake kwamba chini ya chuchu ya kushoto kuna kitu kigumu, kama kifungo cha shati, kinamuuma akilalia tumbo. Upande wa kulia hakuna kitu. Mama anapapasa, moyo unamwenda mbio: ni jipu hili, au ni uvimbe? Wahudumu wa afya wanalijua swali hili vizuri, na jibu lake karibu kila mara ni lile lile. Ni titi linachomoza. Huanza upande mmoja, la pili hufuata baada ya wiki au miezi, pengine hata miezi sita, na maumivu yake ni ya nyama inayokua. Halikamuliwi, halikandwi, halipakwi dawa. Akitokea mtu akalichana ili "kutoa uvimbe", ataondoa chembechembe ambazo titi zima lingetokana nazo, na upande huo hautaota tena maisha yake yote.

Tumeanza na titi kwa sababu ndilo alama ya kwanza ya balehe kwa wasichana wengi, na wazazi wengi hawalihesabu. Wanasubiri hedhi. Hedhi huja kama miaka miwili hadi miwili na nusu baadaye, wakati mwili umeshapita zaidi ya nusu ya njia, kwa hiyo mazungumzo yanayongoja binti avunje ungo huwa yamechelewa. Kosa la pili ni kinyume chake, nalo lina madhara makubwa zaidi: kuona alama moja na kuihesabu kuwa ni zote. Kifua kimejaa, basi huyu ni mtu mzima. Sauti imekuwa nzito, basi ajitegemee. Ndani ya mtoto mmoja kuna ratiba kadhaa zinazokwenda kwa pamoja: ya tezi zilizo juu ya figo, ya ovari au korodani, ya mifupa, na ya ubongo. Kila moja ina wakati wake wa kuanza na wa kumaliza, na zinapishana kwa miaka. Anayezijua mbalimbali hawezi kudanganywa na moja.

Kinachoiwasha balehe

Ya kwanza kuamka ni tezi za adrenali, juu ya figo, kati ya miaka 6 na 8. Hizi ndizo zinazoleta harufu ya kwapa, mafuta usoni na baadaye sehemu ya vinyweleo vya kinena. Mtoto wa darasa la pili anayeanza kutoa jasho lenye harufu hajabalehe. Anahitaji sabuni, maji na nguo safi, basi.

Balehe yenyewe inaanzia kichwani. Sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo ilikuwa kimya tangu uchanga, huanza kutuma homoni kwa vipindi, mwanzoni usiku tu mtoto akiwa usingizini. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha ovari zitoe estrojeni au korodani zitoe testosteroni. Kabla ya kuanza, ubongo hupima akiba ya mwili, hasa mafuta. Ndiyo maana mtoto aliyekosa lishe kwa miaka hubalehe kwa kuchelewa, na msichana mnene mara nyingi hutangulia wenzake. Selimundu (sikoseli) huchelewesha, na vivyo hivyo VVU alivyozaliwa navyo mtoto kama hajatibiwa vizuri. Kwenye familia zenye selimundu hili lisemwe mapema, kwa sababu kijana wa miaka 14 aliye mfupi kuliko mdogo wake huumia kimya kimya akidhani hatakua kamwe. Atakua, ila kwa kuchelewa.

Kwa watoto wazima, balehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na 9 hadi 14 kwa wavulana. Tofauti ya miaka minne kati ya watoto wawili wanaokaa dawati moja ni ya kawaida kabisa. Nje ya mipaka hiyo ndipo daktari anahitajika: matiti kabla ya miaka 8, korodani kukua kabla ya miaka 9, hakuna titi kufikia miaka 13, hakuna badiliko la korodani kufikia miaka 14. Daktari wa Uingereza James Tanner aliigawa safari hii katika hatua tano, na hospitali bado zinazitumia hizo, kwa sababu hatua aliyofikia mtoto inaeleza mengi kuliko umri wake.

Msichana

Baada ya titi huja nywele za kinena, nyonga hupanuka, na urefu huchomoka. Mtoto aliyekuwa akiongezeka kama sentimita 5 kwa mwaka sasa huongezeka 8 hata 9, na kasi hii hufika kileleni kabla ya hedhi ya kwanza. Hedhi ikishaanza, kwa kawaida hubaki sentimita 5 hadi 7 tu za kurefuka. Lishe ya kumrefusha binti, kwa hiyo, ni ile ya miaka 9 hadi 12.

Miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya hedhi, binti huona uteute mweupe au usio na rangi kwenye chupi. Hapa akina mama wengi hushtuka na kuanza kumhoji mtoto kama ametembea na mwanamume. Uteute usio na harufu mbaya, usiowasha, ni kazi ya estrojeni na ni taarifa kwamba hedhi iko njiani. Ukiwasha, ukinuka, ukiwa wa kijani au mzito kama maziwa mgando, apelekwe kituoni. Kwa usafi, maji safi kwa nje yanatosha. Sabuni, limau au shabu ndani ya uke huua bakteria wanaoulinda na kuleta ugonjwa uleule unaokimbiwa.

Hedhi ya kwanza huweza kuwa matone ya rangi ya kahawia tu. Miaka miwili ya mwanzo mzunguko hauna adabu: siku 21, kisha 40, kisha mwezi unapita bila kitu. Sababu ni kwamba yai halitoki kila mwezi. Lakini linaweza kutoka kabla hata ya hedhi ya kwanza kabisa kuonekana, kwa hiyo binti ambaye hajavunja ungo anaweza kushika mimba, na "kuhesabu siku" katika umri huu ni kujidanganya.

Taulo ya kike hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita. Anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni anahitaji mbili za akiba kwenye mkoba, chupi moja ya ziada na mfuko wa kuhifadhia ya kubadilisha. Vitambaa vya kufua vinafaa pia, ila viloweshwe kwanza kwa maji ya baridi (ya moto hugandisha damu kwenye uzi), vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Kitambaa kinachofichwa chini ya godoro kwa aibu hubaki na unyevu, na unyevu huo ndio unaoleta kuwashwa na michubuko mapajani. Kama tatizo ni macho ya watu, tandaza kanga nyepesi juu yake kwenye kamba.

Maumivu ya tumbo la chini husababishwa na prostaglandini, kemikali zinazoufanya mji wa mimba ujikaze. Ibuprofeni huzizuia zisitengenezwe, hivyo hufanya kazi vizuri ikinywewa maumivu yanapoanza, si baada ya kuzidi. Kwa binti wa miaka 12 na kuendelea asiye na vidonda vya tumbo wala pumu, ni miligramu 200 hadi 400, akiwa amekula, na asirudie kabla ya muda wa saa nane kupita tangu alipokunywa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo nayo husaidia kweli. Maumivu yanayomlaza nyumbani kila mwezi licha ya dawa si "ya kike" tu, yana uchunguzi na tiba.

Damu inayodumu zaidi ya siku saba, au inayojaza taulo kila saa moja au mbili, inahitaji daktari upesi. Hata hedhi ya kawaida hupunguza akiba ya madini ya chuma. Mahitaji ya mtoto wa miaka 9 hadi 13 ni kama miligramu 8 kwa siku, na ya msichana wa 14 hadi 18 ni 15, wakati sahani yake nyumbani mara nyingi haijabadilika. Dagaa, maini, maharage, mchicha na matembele vina chuma. Chungwa au embe pamoja na chakula huongeza kinachofyonzwa, na chai ya rangi pamoja na chakula hukipunguza sana, basi isogezwe mbele angalau saa moja. Kwenye maeneo ambako upungufu wa damu ni wa kawaida, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki asidi. Binti anayehema akipanda ngazi, mwenye viganja vilivyopauka, au anayetamani kula udongo au barafu, apimwe damu.

Asiyepata hedhi kufikia miaka 15, au miaka mitatu tangu titi lilipoanza, achunguzwe. Hapa kuna hali moja inayopita bila kutambuliwa: maumivu ya tumbo la chini yanayorudi kila mwezi bila damu kutoka. Huenda kizinda kimeziba kabisa na damu inakusanyika ndani. Upasuaji wake ni mdogo, lakini akicheleweshwa anaumia bure.

Umri huu ndio pia wa chanjo ya HPV inayokinga saratani ya shingo ya kizazi. Tanzania huitoa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja. Hutolewa mapema kwa sababu haiondoi virusi ambavyo vimeshaingia mwilini. Haigusi ovari, wala haimfanyi mtu kuwa tasa.

Na sasa turudi kwenye ratiba ya mifupa. Hedhi ikianza, nyonga bado hazijamaliza kupanuka, huendelea kwa miaka kadhaa. Mtoto anapozaa katika pengo hilo, kichwa cha mwanawe huweza kukwama, na kukwama kwa siku mbili tatu ndiko kunakotoboa fistula, mkojo ukawa unamtoka bila kujizuia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono 2019. Mwili ungesema hivyo hivyo kama ungeulizwa.

Mvulana

Wavulana huambiwa machache mno, na sehemu kubwa ya wanachokijua wanakipata kwa wenzao au kwenye simu. Jando limebaki tohara hospitalini, somo halipo tena. Na tohara haileti balehe: aliyetahiriwa akiwa na siku saba na aliyetahiriwa akiwa na miaka 12 hubalehe kwa ratiba ile ile.

Alama ya kwanza haionekani kwa nje. Korodani hukua kupita sentimita 2.5 kwa urefu, na ngozi ya mfuko wake huwa nyembamba na nyeusi zaidi. Uume hufuata kama mwaka mmoja baadaye. Kijana anayejilinganisha na mwenzake bafuni la shule mara nyingi analinganisha hatua mbili tofauti, na wauza "dawa za kukuza" wanaishi kwa pengo hilo. Ndoto nyevu huanza mara nyingi akiwa na miaka 13 au 14. Si ugonjwa, hazipunguzi nguvu, na hakuna idadi inayodhuru. Aambiwe kabla hazijaja, na kama ni Mwislamu afundishwe kuoga janaba kama jambo la kawaida la ibada, bila kutahayarishwa.

Urefu wake huchelewa: kasi kubwa, sentimita 9 hadi 10 kwa mwaka, huja karibu na miaka 14, takriban miaka miwili baada ya ile ya wasichana. Miguu na viganja hutangulia, kiwiliwili hufuata, kwa hiyo kuna kipindi anagonga kila kikombe mezani. Hafanyi makusudi, ubongo wake unajifunza upya urefu wa mikono. Anayecheza mpira sana anaweza kuumia chini tu ya goti, pale kano ya paja inapovuta mfupa ambao haujakomaa. Apunguze mbio na kuruka kwa wiki chache, aweke barafu baada ya mazoezi.

Karibu nusu ya wavulana huota kivimbe laini chini ya chuchu, kwa sababu sehemu ya testosteroni hugeuka estrojeni mwilini. Huisha chenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Anayeacha ghafla kwenda kuogelea au kuvua shati uwanjani huenda anaficha hicho, na sentensi moja ya baba inamtua mzigo.

Kuna jambo moja ambalo kila mvulana na kila matroni wa bweni anapaswa kulijua. Korodani inaweza kujisokota na kukata damu yake yenyewe. Dalili ni maumivu makali ya ghafla upande mmoja, mara nyingi usiku, pamoja na kutapika. Kwa aibu kijana husema tu "tumbo linauma", akapewa panadoli na kurudishwa kitandani. Ikifunguliwa ndani ya saa sita kwa kawaida huokoka, asubuhi inaweza kuwa imekufa. Mvulana anayelalamika maumivu ya tumbo la chini aulizwe wazi kuhusu korodani, usiku huohuo. Na mwenye selimundu ambaye uume wake umesimama bila kulala kwa saa nne, apelekwe hospitali bila kungoja.

Uso

Chunusi hutokana na tezi za mafuta, si uchafu wala mawazo mabaya. Anawe mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, apake benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 usiku, angoje wiki sita hadi nane kabla ya kusema haifai. Krimu zenye betamethasone au clobetasol hulainisha uso kwa wiki mbili, kisha huleta chunusi mbaya zaidi na kuikonda ngozi. Hizo zitoke nyumbani.

Ubongo, ratiba ndefu kuliko zote

Mwili humaliza sehemu kubwa ya kazi yake ndani ya miaka minne au mitano. Ubongo huchukua zaidi ya kumi. Sehemu zinazoshughulikia hofu, hasira na utamu wa kitu kipya hupata nguvu mapema, balehe inapoanza. Gamba la mbele, nyuma ya paji la uso, linalopima matokeo na kushika breki, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kijana wa miaka 16 aliyetulia, anayefikiri peke yake, hupima mambo karibu sawa na mtu mzima. Muweke na wenzake, hesabu inabadilika. Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani walilionyesha hili mwaka 2005 kwa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari: vijana waliongeza hatari walipocheza mbele ya wenzao, watu wazima hawakubadilika sana.

Ndiyo maana mwanao anaweza kukueleza vizuri hatari ya bodaboda, kisha jioni akapanda mshikaki na wenzake wawili bila kofia. Hakukudanganya mchana. Mahubiri ya tano hayatasaidia, maana maarifa anayo. Kinachosaidia ni kubadilisha mazingira: nauli mfukoni ili asihitaji lifti, saa ya kurudi inayojulikana, na makubaliano kwamba akipiga simu kutaka kuchukuliwa, usiku huo haulizwi kitu. Maswali ni ya kesho yake. Vivyo hivyo kwa hasira. Maneno makubwa yanayosemwa wakati amewaka hayasikiki. Mwache apoe, kisha mzungumze mkifanya kazi, mkimenya viazi au mkitembea kwenda dukani, mahali ambapo halazimiki kukutazama machoni.

Usingizi nao una ratiba yake. Melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kwa kijana kwa kama saa mbili, kwa hiyo kumlaza saa tatu usiku mara nyingi ni kumlaza macho. Anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanafunzi wa bweni anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na nusu alfajiri anapata tano na nusu, halafu tunashangaa kwamba anasinzia darasani na kulia kwa neno dogo. Shule inayoongeza saa ya kujisomea kwa kukata ya kulala inajipunguzia alama yenyewe. Kwa sisi wa nyumbani, simu ilale sebuleni.

Watoto wanaoumia zaidi moyoni ni wa pembeni: msichana anayetangulia na mvulana anayechelewa. Binti wa miaka 10 mwenye umbo la miaka 15 bado ana akili ya miaka 10, na wanaume humsemesha kama mkubwa. Asilaumiwe kwa mwili wake wala kufungiwa ndani. Afundishwe majina halisi ya viungo vyake, na ahakikishiwe kwamba atakayemgusa ndiye mwenye kosa. Sheria za Tanzania na Kenya haziitambui ridhaa ya mtoto aliye chini ya miaka 18, na nchi zote mbili zina namba 116 ya kupiga bure.

Zamani kazi hii ya kufundisha ilikuwa na mtu wake: somo, kungwi, shangazi, bibi. Utaratibu wenyewe ulikuwa na busara, kwa kuwa mtoto alipata mtu mzima asiye mzazi wa kumuuliza bila haya. Tatizo ni kwamba mafunzo mara nyingi yalikuja baada ya hedhi na yalimtayarisha kwa mume kuliko kwa mwili wake mwenyewe. Mchague shangazi au mjomba mwenye kauli nzuri, na mtumeni akazungumze na mtoto anapofika miaka 9.

Hali ya moyo inapokuwa ugonjwa

Kununa jioni na kucheka asubuhi ni balehe. Sonona ni kitu kingine: wiki mbili au zaidi za huzuni au hasira karibu kila siku, kuacha alichokipenda, usingizi na hamu ya kula kuvurugika, alama kushuka, kuumwa kichwa au tumbo kusikoonekana kwenye vipimo. Kwa wavulana hasira ndiyo hutangulia, kwa hiyo huadhibiwa badala ya kutibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na si ulegevu wa imani wala ukaidi.

Ukihofia kwamba anafikiria kujiua, muulize kwa maneno hayohayo. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, humpa pa kulitolea. Akikubali, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na kabla hamjatoka nyumbani sumu za shambani, za panya na vidonge vyote viwekwe mahali penye kufuli, ufunguo ubaki na mtu mzima.